Ngazi ipi itaingia Narung'ombe? Uchambuzi wa kisa cha kuchagua magari ya uokoaji Dar es Salaam

Kisa hiki nimekiunda kwa ajili ya kuchambuliwa. Kamati, mabishano yake na fungu la fedha ni vya kutunga. Mitaa, majengo, sheria na vipimo vya magari ni vya kweli. Nimefanya hivyo kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu vifaa vya zimamoto huanza kesho yake baada ya maafa, watu wakiwa na uchungu, na mtu mwenye uchungu hana nafasi ya kuuliza mtaa una upana gani. Nataka tuulize sasa, tukiwa tumetulia.

Hali ni hii. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji upande wa Dar es Salaam limetakiwa kupendekeza ununuzi wa magari ya uokoaji na ya ngazi. Fungu lililopo linatosha njia moja kati ya tatu. Njia ya kwanza ni gari moja lenye jukwaa kubwa la kunyanyulia watu, linalofika mita 55 hivi. Ya pili ni magari mawili ya ngazi ya mita 30, gari moja la uokoaji mzito, pamoja na spea na mafunzo. Ya tatu ni magari saba yaliyokwishatumika nje ya nchi, ngazi kwa pampu, kila moja likiwa limevuka miaka 15 barabarani.

Kamati ina watu sita. Mwenyekiti ni Mrakibu aliyesimamia matukio mengi mjini. Yupo Sajenti ambaye ni dereva, fundi wa karakana, ofisa ununuzi, ofisa wa ukaguzi wa majengo, na mhandisi aliyealikwa kutoka nje ya Jeshi. Mwenyekiti anaingia kikaoni akiwa na msimamo: anataka jukwaa refu. Sababu zake ni nzito na nitazieleza kwa haki, maana kisa hiki hakina mjinga ndani yake.

Mji unaohudumiwa

Sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam ukiwa na watu 5,383,728. Wilaya ni tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Huduma ya zimamoto zamani ilikuwa mikononi mwa halmashauri. Sheria Namba 14 ya 2007 ndiyo iliyoiweka chini ya jeshi moja la taifa, ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mwananchi akipiga 114, anategemea gari litakalotoka kituoni, lipite foleni, lifike, lisimame mahali linapoweza kufanya kazi. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Kufika mtaani na kupata pa kusimama ni mambo mawili tofauti.

Kutoka kituo cha Fire, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Msimbazi, hadi katikati ya Kariakoo ni mwendo mfupi sana, na njia ya mwendokasi inakwenda huko huko hadi Gerezani. Kwa ramani, hakuna sehemu ya mji iliyo karibu zaidi na msaada. Ukiacha Msimbazi ukaingia mitaa ya Congo, Mchikichi, Narung'ombe, Mkunguni au Tandamti, mambo yanabadilika. Viwanja vya Kariakoo vilipimwa kwa ajili ya nyumba za Kiswahili za chini, vyumba sita na ua nyuma. Nyumba zimebomolewa, viwanja vimebaki na ukubwa ule ule, na juu yake yamesimama majengo ya ghorofa nane, kumi, hata zaidi. Barabara haijaongezeka hata hatua moja. Pembeni zipo meza za machinga, mikokoteni, pikipiki za mizigo, malori yanayoshusha marobota, na juu kuna nyaya za umeme na za simu.

Hesabu iliyobadilisha kikao

Sajenti ndiye aliyeanzisha. Mwenyekiti alipomaliza kueleza faida za jukwaa la mita 55, alisema: "Afande, mimi na ngazi ndefu hatuna ugomvi. Nionyeshwe tu mahali nitakapoweka miguu yake."

Mhandisi akachukua karatasi. Ngazi ya gari hainyanyuki wima kabisa. Kwa kawaida huishia nyuzi 75 hivi kutoka usawa wa ardhi. Kwa pembe hiyo, kila mita moja kati ya kitako cha ngazi na ukuta inakupa kimo cha mita 3.7 tu. Tuseme mtaa una mita 10 kutoka ukuta hadi ukuta na gari limesimama katikati. Kitako kiko mita 5 kutoka kwenye jengo linaloungua. Mara 3.7, ongeza mita mbili na nusu za kimo cha kitako chenyewe juu ya gari, unapata mita 21. Hapo ndipo ncha ya ngazi inapokutana na ukuta, na ukiweka kikapu cha kubebea watu mbele yake, kimo kinapungua kidogo tena.

Sasa weka gari la ngazi ya mita 60 mahali pale pale. Bado ni mita 21. Urefu uliobaki umekunjwa ndani ya ngazi na hauna kazi, kwa sababu kimo umeshakipangiwa na upana wa mtaa.

Kwangu mimi hesabu hii ndiyo moyo wa kisa kizima, na ningependa kila diwani na kila mwenye jengo Kariakoo aifanye kwa mtaa wake. Haihitaji kompyuta. Inahitaji futi ya kupimia na asubuhi moja.

Kuna njia ya kuongeza kimo: kulisogeza gari hadi ukuta wa upande wa pili. Kitako kikiwa mita 8 kutoka kwenye moto, ngazi inaweza kupanda hadi mita 32 hivi, na hapo ngazi ya mita 30 inatumika yote. Lakini gari likibanwa ukutani haliwezi kutoa jeki za upande huo, yaani ile miguu inayolishikilia lisipinduke. Ngazi za kisasa zina uwezo wa kutoa jeki kwa vipimo tofauti kila upande, na mtambo wake unajipangia wenyewe umbali salama wa kunyoosha. Ukitoa jeki zote upande wa moto na kuziacha za upande wa ukuta zikiwa ndani, unaweza kufanya kazi. Kifaa hiki kinafaa kuwekwa kwenye vigezo kama sharti lisilojadiliwa, kabla hata ya kutaja mita za ngazi.

Mwenyekiti alijibu vizuri. Alisema jukwaa lenye mkono unaojikunja linaweza kusimama wima kuliko ngazi, kisha likajikunja kuelekea dirishani, kwa hiyo hesabu ya nyuzi 75 hailigusi. Ni kweli. Ila jukwaa kubwa linadai nafasi ya jeki inayokaribia mita 6, na huja kwenye chesesi ya ekseli tatu au nne, tani 26 na kuendelea. Gari la ngazi ya mita 30 lina ekseli mbili, tani 16 hivi, upana wa mita 2.5, na jeki zake zikitoka zote hazizidi mita 5 kwa kiasi kikubwa. Sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inaruhusu tani 8 ekseli ya mbele na tani 10 ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne. Jumla 18. Ngazi ya ekseli mbili inakaa ndani ya kipimo hicho na akiba inabaki. Na chini ya mitaa ya Kariakoo kuna mifereji yenye mifuniko ya zege ambayo hakuna aliyeijenga akifikiria mguu mmoja wa jeki ukisukuma tani kadhaa juu yake. Kwa hiyo mbao nene za kuweka chini ya jeki ziandikwe kwenye mkataba pamoja na gari, zisije kutafutwa siku ya moto.

Hoja ya minara

Hapa mwenyekiti alikuwa na haki ya kusikilizwa. Barabara ya Sokoine ina minara pacha iliyojengwa na mfuko wa pensheni wa PSPF (sasa PSSSF) na jengo la Mamlaka ya Bandari, yote yakiwa na zaidi ya ghorofa 30. Posta na Upanga zinaendelea kupanda. Alitaja Grenfell ya London: Juni 14, 2017, jengo la ghorofa 24 lenye kimo cha mita 67 liliungua na watu 72 wakafa. Wakati ule zimamoto wa London hawakuwa na ngazi yao inayozidi mita 32, na jukwaa la mita 42 liliitwa kutoka Surrey, kaunti jirani. Baadaye London ilinunua ngazi tatu za mita 64. "Sisi tunasubiri ya kwetu?" aliuliza.

Ofisa wa ukaguzi ndiye aliyemjibu, na jibu lake linastahili kukaa vichwani mwetu. London ilinunua ngazi za mita 64 ikiwa tayari na ngazi za kawaida kwenye vituo vyake. Na uchunguzi wa Grenfell ulilaumu zaidi kuta za nje zilizovikwa malighafi inayowaka kuliko urefu wa ngazi. Kisha akaitaja Ujerumani. Kipimo cha ngazi kinachotumika sana Ulaya ni kile kinachofika kimo cha mita 23 kwa umbali wa mita 12 kutoka kwenye gari. Sheria za ujenzi za Ujerumani zinaanza kuliita jengo refu pale sakafu ya chumba cha juu kabisa inapovuka mita 22. Marekani nayo inaanzia karibu na hapo hapo, futi 75, ambazo ni mita 23. Ngazi na sheria ya ujenzi zimeshonwa pamoja. Chini ya kimo hicho, zimamoto anaweza kukutoa dirishani. Juu yake, jengo lenyewe lazima liwe na ngazi za dharura zisizoingia moshi, mabomba ya wima ya kupeleka maji kila ghorofa, lifti ya zimamoto na king'ora kinachofanya kazi.

Piga hesabu kwa majengo yetu. Duka la chini mita 4, kila ghorofa mita 3. Mita 23 zinakupeleka kwenye dirisha la ghorofa ya saba. Mtu wa ghorofa ya ishirini pale Sokoine hataokolewa na ngazi ya mita 30, na hata jukwaa la mita 55 linaishia ghorofa ya kumi na saba hivi, tena likipata pa kusimama karibu na ukuta. Anayeweza kumwokoa ni ofisa wa ukaguzi anayefungua mlango wa ngazi za dharura na kukuta haujafungwa kwa kufuli wala haujajaa maboksi. Sheria ya 2007 imelipa Jeshi mamlaka ya kukagua na kutoa vyeti. Kwa maoni yangu, mamlaka hayo yakitumika sawasawa yanaokoa watu wengi kwenye minara kuliko gari lolote litakaloshuka bandarini.

Mwenyekiti hakukubali yote. Aliomba iandikwe kwamba jukwaa refu liingie katika mpango unaofuata. Kamati iliandika, ikaongeza kwamba kabla ya hapo kila jengo la zaidi ya ghorofa saba Posta na Kariakoo lijaribiwe mabomba yake ya wima kwa kupitisha maji ya pampu ya gari la zimamoto. Bomba lililopakwa rangi nyekundu halithibitishi kwamba maji yanapita.

Gari la uokoaji

Kama ningekuwa na kura kwenye kamati hii, ningeanza na gari la uokoaji kabla ya ngazi yoyote. Sababu ziko kwenye kumbukumbu za mji huu.

Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa nne likaanguka Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakafa na zaidi ya 80 wakaokolewa. Kwa siku kadhaa kulikuwa na watu walio hai kwenye vyumba vya chini ya ardhi, wakipelekewa hewa na maji kupitia mianya. Waliofika kwanza walikuwa wafanyabiashara na wapita njia, kwa mikono yao. Wale watu walifanya jambo kubwa na sitaki lipite bila kusemwa. Lakini mikono inatoa tofali. Haitoi zege lenye nondo. Na katika matukio yote mawili, ngazi ndefu isingekuwa na la kufanya.

Kwa hiyo kamati ilikaa muda mrefu juu ya kitu ambacho wanunuzi wengi hukimaliza kwa mstari mmoja: ndani ya gari kuwe na nini, na kikae wapi.

Kwanza taa na jenereta, kwa sababu kazi ya kifusi haina usiku. Pili vifaa vya kuegemeza: nguzo za chuma zinazorefuka, kabari, na mbao za inchi nne kwa nne. Jengo lililoanguka linaendelea kushuka, na askari anayeingia bila kuegemeza anaongeza idadi ya wanaohitaji kutolewa. Mbao hazihitaji kuagizwa nje. Maseremala wa Keko wanaweza kuzikata kwa vipimo vilivyotolewa mapema. Tatu, vikata nondo na vitanuzi, na hapa Sajenti na fundi walisimama pamoja: viwe vya betri. Kifaa kinachoendeshwa kwa injini ya petroli kinatoa moshi wenye sumu, na ndani ya chumba cha chini ya ardhi chenye watu hai huwezi kukiwasha. Betri za akiba na chaja mbili ndani ya gari. Nne, mabegi ya hewa ya kunyanyulia, bapa yakiwa matupu, yanayoingia kwenye upenyo wa vidole vitatu na kunyanyua makumi ya tani. Nguvu ya begi hupungua kadiri linavyovimba, kwa hiyo ni lazima yawe ya saizi mbalimbali. Tano, vifaa vya kusikiliza mgongano na sauti chini ya kifusi, ambavyo havifanyi kazi mpaka mtaa mzima unyamaze. Hilo la kunyamazisha linahitaji polisi na kipaza sauti, na kipaza sauti kikaingia kwenye orodha.

Kisha uzito. Gari likitoka kiwandani limejaa hadi kikomo, kifaa cha kwanza kitakachoongezwa mwaka ujao kitalivusha. Kamati iliandika kwamba likishapakiwa kila kitu na askari wake wote, libaki na akiba ya asilimia 10 chini ya uzito unaoruhusiwa. Vitu vizito vikae chini, na kila kifaa kifikiwe na mtu aliyesimama ardhini. Vifaa vya kuegemeza viwe upande wa kushoto, maana hapa tunaendesha kushoto na gari litakaposimama pembeni ya barabara, upande huo ndio uliojitenga na magari yanayopita. Usukani uwe kulia. Ningedhani hili halihitaji kusemwa, lakini magari ya zimamoto yaliyotumika huwa yanatoka pande zote mbili za dunia.

Gari hili hili ndilo litakalokwenda kwenye ajali za malori Kimara na kwenye mafuriko ya bonde la Msimbazi. Ofisa ununuzi aliuliza kama basi liwe na nguvu magurudumu yote manne. Sajenti alisema hapana: kwa kazi za mjini kimo cha chini ya gari na matairi mazuri vinatosha, na mfumo wa magurudumu manne unainua gari, unaongeza uzito na spea. Nakubaliana naye.

Magari yaliyotumika

Njia ya tatu ilijadiliwa kwa muda mfupi. Magari saba kwa bei ya matatu mapya yanavutia, hasa mji ukiwa na wilaya tano. Tatizo ni ngazi. Pampu ya miaka 20 inaweza kufunguliwa na kurudishwa na fundi mzuri. Ngazi ya miaka 20 ni chuma kilichobeba watu na kupinda mara elfu, na ufa wake hauonekani kwa macho. Viwango vya Marekani vinataka ngazi za magari zipimwe kwa njia za kitaalamu za kugundua nyufa kila miaka mitano, na vinashauri gari lililozidi miaka 15 liwekwe akiba. Watengenezaji wa Ulaya hufanya ukarabati mkubwa wa ngazi kila miaka 10. Mji wa huko ukiliondoa gari, mara nyingi ni kwa sababu ukarabati huo umefika na gharama yake ni kubwa. Ukilinunua, umenunua deni lile.

Fundi alisema kwa sauti ya chini: "Gari likija bila michoro ya nyaya zake, mkuu, hilo nimeshalizika." Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Dizeli, chumvi na maji

Kuna mambo matatu ambayo hayaonekani kwenye picha za watengenezaji. La kwanza ni injini. Afrika Mashariki ilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi 50 kwa milioni mwaka 2015. Injini za Euro 6 zinazouzwa Ulaya sasa zimeundwa kwa dizeli yenye salfa 10 kwa milioni, na zinahitaji kimiminika cha kusafishia moshi. Ukiziletea dizeli isiyo yao, vichujio vinaziba, kompyuta inapunguza nguvu, na gari linajikokota likiwa linakwenda kwenye moto. Vigezo viseme wazi: injini ya daraja la chini zaidi linalokubaliana na dizeli yetu, kwenye chesesi ya malori ambayo tayari yana karakana na spea hapa Dar es Salaam. Sheria ya ununuzi hairuhusu kumtajia mzabuni jina la kampuni bila kuongeza "au inayolingana nayo", lakini kamati inaweza kueleza kwamba inahitaji karakana iliyo karibu.

La pili ni hewa ya bahari. Chumvi inakula nyaya, swichi na viungio vya ngazi. Gari la kituo cha karibu na pwani lioshwe kwa maji baridi na kupakwa grisi kwa ratiba, na plagi za umeme ziwe za aina inayozuia maji.

La tatu ni maji ya kuzimia, na hapa Julai 10, 2021 inafaa kukumbukwa, usiku Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua. Jengo lile, lililosanifiwa na Beda Amuli, lenye paa la miavuli ya zege, si refu. Moto kama ule unaweza kumwagiwa maji kutoka juu ya ngazi, lakini mzinga wa maji ulio kwenye ncha ya ngazi unatumia lita 2,000 kwa dakika. Boza la lita 5,000 linakwisha kwa dakika mbili na nusu. Ngazi bila haidranti (mabomba ya mtaani ya kuchotea maji ya zimamoto) zinazotoa maji, au bila maboza yaliyopangwa kupokezana, ni ngazi ya kutazama. Kwa hiyo kamati iliomba DAWASA, mamlaka ya maji ya mji, na Jeshi wapime pamoja haidranti zote za Kariakoo na Posta, wakiandika presha ya kila moja, na orodha hiyo ikae ndani ya kila gari.

Uamuzi

Njia ya pili ilipita kwa kura tano. Ngazi moja ikae kituo cha Fire, ya pili upande wa Kinondoni ambako majengo marefu ya Mikocheni na Masaki yanaongezeka. Kigamboni itahudumiwa kupitia Daraja la Nyerere, na hilo ni pengo. Kamati ilikiri hivyo kwenye ripoti badala ya kulificha.

Kazi ya ofisa ununuzi ilikuwa kuyageuza haya yote kuwa lugha ya zabuni kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, na alifanya kitu ambacho ningependa kuona kila mahali. Badala ya kuandika tu "ngazi ya mita 30", aliandika mazingira: mtaa wa mita 10, gari limebanwa upande mmoja, vizuizi upande wa pili, kikapu chenye watu watatu kifike dirisha la mita 23. Mzabuni aonyeshe kwa mchoro jinsi gari lake litakavyofanya. Bei ilinganishwe kwa miaka 15, spea, ukarabati wa mwaka wa kumi na safari za mafundi zikiwemo, na si kwa siku ya kununua tu.

Aliongeza jaribio la kupokea. Kabla ya malipo ya mwisho, gari litatoka kituo cha Fire siku ya Jumamosi saa nne asubuhi, biashara ikiwa imechanganya, liingie Narung'ombe bila barabara kusafishwa mapema, lisimame, litoe jeki, na kikapu kifike dirisha lililochaguliwa na Sajenti. Likipita jana yake usiku mtaa ukiwa mtupu, halihesabiki. TANESCO wawepo kuonyesha ni nyaya zipi zina umeme na nani wa kumpigia zikatwe.

Mabishano ya mwisho yalihusu watu. Mkataba ulikuwa na mafunzo ya madereva wanne. Sajenti alisema hawatoshi. Kuna zamu, kuna likizo, kuna ugonjwa, na zaidi ya yote kuna uhamisho: dereva anafundishwa kwa miezi kadhaa, kisha barua inakuja anahamia mkoa usio na ngazi, na gari linabaki na mtu anayejua kuliendesha barabarani tu. Mwenyekiti, ambaye amewahi kusaini barua za namna hiyo, alimuunga mkono moja kwa moja. Waliandika madereva 12 kwa ngazi mbili, wawili kati yao wafunzwe hadi kiwango cha kufundisha wenzao, na wote wasihamishwe kwa miaka mitatu bila mrithi aliyepita jaribio lile lile la Narung'ombe. Mafundi wawili wa karakana wapelekwe kiwandani wakati gari bado linajengwa, waone ngazi ikiwa wazi kabla haijafunikwa, na warudi na michoro ya nyaya mikononi.